Mchungaji wa Haworth na Maji ya Kijiji

Soma kwa ajili ya somo hili: Kumbukumbu la Torati 23:12–14, 2 Wafalme 2:19–22, Ayubu 1:13–22, Mithali 31:8, 9, Matendo 15:36–40.

Jina la Brontë linajulikana duniani kwa sababu ya dada watatu, Charlotte, Emily na Anne, walioandika riwaya ambazo mpaka leo zinasomwa mashuleni na vyuoni. Baba yao hutajwa pembeni tu, mara nyingi kama mzee mkali aliyekula chakula chake peke yake chumbani. Lakini Patrick Brontë alikuwa mchungaji wa vijijini kwa zaidi ya miaka 50, na miaka 41 kati ya hiyo aliitumia mahali pamoja, katika kijiji cha Haworth, juu ya vilima vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Somo hili linamhusu yeye, na hasa kazi moja aliyoianza akiwa na umri wa miaka 72, akiwa amekwisha kuwazika karibu watu wote wa nyumba yake.

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1777 huko Emdale, katika wilaya ya Down, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya kumi. Baba yake, Hugh, alikuwa kibarua wa mashambani, na nyumba waliyoishi ilikuwa na vyumba viwili tu. Kijana Patrick alifanya kazi kwa mhunzi, kisha akafuma nguo za kitani. Alipenda kusoma kuliko kitu chochote, na alipofika miaka 16 alikuwa tayari na shule yake mwenyewe, akiwafundisha watoto wa majirani. Mchungaji mmoja wa Kianglikana, Thomas Tighe, mtu aliyeguswa na uamsho wa akina Wesley, alimwona, akamwajiri awafundishe watoto wake na kumsaidia ajiandae kwa masomo ya juu.

Mwaka 1802, akiwa na miaka 25, alivuka bahari na kuingia chuo cha St John's huko Cambridge. Jina la ukoo wake kwao lilikuwa Brunty. Karani wa chuo aliliandika vibaya, na baada ya kusahihishwa likabaki Bronte. Aliingia katika daraja la wanafunzi maskini waliolipa ada ndogo. Hata hivyo fedha hazikutosha. Mtu aliyemsaidia ni Henry Martyn, ambaye baadaye alikwenda India na Uajemi kuwa mmisionari na mtafsiri wa Agano Jipya. Martyn aliandika kwa William Wilberforce, yule mbunge aliyepigana na biashara ya watumwa, na Wilberforce pamoja na binamu yake Henry Thornton wakakubali kumpa kijana huyu pauni kumi kila mmoja kwa mwaka. Kwa hiyo mtoto wa kibarua alimaliza shahada yake mwaka 1806 na kuwekewa mikono mwaka huohuo.

Miaka iliyofuata alihama mara nyingi, kama ilivyo kawaida kwa wachungaji wasaidizi wasio na ndugu wakubwa: Wethersfield, kisha Wellington, kisha Dewsbury, kisha Hartshead. Hapo Dewsbury kuna tukio ambalo halipaswi kupitwa haraka.

Mwaka 1810 kijana mmoja wa Dewsbury aitwaye William Nowell alikamatwa akidaiwa kwamba alikuwa amejiandikisha jeshini kwenye maonyesho ya farasi, kisha akatoroka. Askari aliyemshtaki, James Thackray, alisema uongo. Siku hiyo Nowell alikuwa mahali pengine, na wapo watu waliomwona. Hakimu hakutaka kusikiliza, akamtupa gerezani. Mchungaji msaidizi mgeni, tena Mwairishi mwenye lafudhi iliyochekwa, angeweza kumwombea kijana huyo kanisani na kuishia hapo. Patrick alikusanya mashahidi pamoja na viongozi wa mji, akamwendea hakimu, akaandika barua mpaka wizara ya vita mjini London. Baada ya wiki kadhaa Nowell aliachiliwa. Mwaka uliofuata Thackray alipatikana na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo, akahukumiwa kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka saba.

Soma Mithali 31:8, 9. Mafungu haya aliambiwa mfalme. Je, yanamhusu vipi mtu asiye na mamlaka yoyote isipokuwa kalamu na miguu ya kutembea kwenda kwa hakimu?

Huko Hartshead alikutana na shida ya aina nyingine. Mashine za kukata manyoya ya sufu zilikuwa zimeanza kuwanyang'anya mafundi kazi, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili 1812 kundi kubwa la wafanyakazi lilishambulia kiwanda cha Rawfolds, kilicho karibu na parokia yake. Wawili kati ya washambuliaji walikufa kwa majeraha. Patrick aliwahurumia wenye njaa lakini aliwalaumu waziwazi waliotumia nguvu, na hilo lilimfanya ahofie maisha yake. Akaanza kuweka bastola. Kila usiku aliijaza risasi, na kila asubuhi aliifyatua dirishani, kwa kuwa bastola za zamani zile hazikuwa na njia rahisi ya kutoa risasi. Tabia hiyo hakuiacha hata uzeeni, na ndiyo iliyowafanya watu wa baadaye wamwone kichaa. Ilikuwa hofu ya mtu aliyeshuhudia mwaka mbaya.

Mwaka huohuo alimwoa Maria Branwell, binti wa mfanyabiashara kutoka Penzance, kusini kabisa mwa nchi. Harusi ilifungwa tarehe 29 Desemba 1812. Walipata watoto sita kwa muda wa miaka sita: Maria, Elizabeth, Charlotte, Branwell, Emily na Anne. Katika miaka hii, kwanza Hartshead na baadaye Thornton, Patrick alipata nafasi hata ya kuchapisha mashairi na hadithi fupi za mafundisho kwa watu wa kawaida. Si maandiko makubwa. Yalionyesha tu kwamba aliamini mkulima na mfumaji wanastahili kuandikiwa kitabu.

Haworth

Haworth ilikuwa na sifa zake. Karne iliyotangulia, kati ya 1742 na 1763, mchungaji wake alikuwa William Grimshaw, mhubiri wa uamsho aliyesemekana kutoka kanisani katikati ya zaburi na kuwatoa watu kwenye vilabu vya pombe kwa mjeledi. John Wesley na George Whitefield walihubiri hapo. Watu wa Haworth walijiona wana haki ya kumchagua mchungaji wao. Kwa sheria uteuzi ulikuwa wa kasisi mkuu wa Bradford, lakini wadhamini wa kijiji walishika fedha za mshahara. Mwaka 1819 kasisi wa Bradford alimteua Patrick bila kuwauliza, nao wakakataa, si kwa sababu walimchukia yeye, bali kwa sababu ya namna alivyoletwa. Patrick akajiondoa. Akaletwa mwingine, Samuel Redhead. Jumapili ya kwanza waumini walitoka katikati ya ibada, viatu vyao vya mbao vikigonga sakafu ya mawe. Inasimuliwa kwamba Jumapili iliyofuata mtu mmoja aliingizwa kanisani juu ya punda, amegeuzwa akitazama mkia. Baada ya wiki tatu Redhead alikimbia. Ndipo pande mbili zikakubaliana kwamba Patrick ateuliwe na wote kwa pamoja, naye akahamia Haworth na familia yake mwezi Aprili 1820.

Nyumba ya mchungaji ilisimama juu kabisa ya kijiji. Mbele yake na ubavuni ulikuwa uwanja wa makaburi, nyuma yake nyika tupu yenye upepo. Chini palishuka barabara moja yenye mwinuko mkali, nyumba za mawe meusi zikiwa zimebanana pande zote mbili. Watu walichana sufu, walifuma, walichimba mawe. Wachanaji sufu walifanya kazi ndani ya nyumba zao, madirisha yakiwa yamefungwa na jiko likiwaka mchana na usiku ili vitana viwe moto, na familia ililala humohumo.

Mwaka haukupita kabla mama wa nyumba hajaugua. Maria alikuwa na saratani, akateseka kwa zaidi ya miezi saba. Mumewe alimuuguza mwenyewe usiku. Wakati huohuo watoto wote sita waliugua homa ya vipele vyekundu. Maria alifariki tarehe 15 Septemba 1821, akiacha mtoto mdogo ambaye hajatimiza miaka miwili, na deni la matibabu ambalo rafiki zake Patrick walilichangia mpaka likaisha. Dada wa marehemu, Elizabeth Branwell, aliyekuja kuuguza, alibaki kuwalea watoto mpaka kufa kwake mwaka 1842.

Mwaka 1824 Patrick alipata habari ya shule mpya huko Cowan Bridge, iliyofunguliwa kwa ajili ya mabinti wa wachungaji maskini. Ada ilikuwa ndogo, na miongoni mwa waliounga mkono shule hiyo walikuwamo watu aliowaheshimu. Aliwapeleka mabinti wanne. Chakula kilikuwa kibaya, mahali penyewe pana baridi na unyevu. Maria alirudishwa nyumbani akiwa na kifua kikuu, akafa tarehe 6 Mei 1825 akiwa na miaka 11. Elizabeth akafuata tarehe 15 Juni, akiwa na miaka 10. Baba alikwenda haraka kuwachukua Charlotte na Emily. Hakuna mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto bweni kwa nia njema ambaye hataelewa jambo hili lilimkaa vipi moyoni.

Tangu hapo aliwafundisha watoto nyumbani. Jambo la ajabu kwa mchungaji wa wakati huo ni kwamba hakuwafungia vitabu mabinti zake. Waliruhusiwa kusoma magazeti, mashairi, historia, na kubishana naye mezani juu ya mambo ya bunge.

Mchungaji kazini

Parokia ilikuwa pana, na nyumba nyingi zilikuwa mbali nyikani. Alitembea. Alihubiri bila karatasi, kwa maneno mepesi. Mwaka 1832 alifanikisha ujenzi wa jengo la shule ya Jumapili karibu na nyumba yake, ambamo watoto waliofanya kazi viwandani wiki nzima walifundishwa kusoma. Aliandika magazetini kupinga wingi wa makosa yaliyoadhibiwa kwa kifo. Mwaka 1837 aliongoza mkutano mkubwa wa kijiji kupinga Sheria mpya ya Maskini, iliyowanyima wahitaji msaada majumbani na kuwalazimisha waingie katika nyumba za kazi ambako mume alitengwa na mke. Kisiasa alikuwa mtu wa chama cha wahafidhina, na sheria ile iliungwa mkono na wengi wa chama chake pia. Hilo halikumzuia.

Mwaka 1844 aliandikia gazeti la Leeds Mercury barua juu ya nguo. Alieleza kwamba katika miaka yake ya Haworth alikuwa amewazika watoto kati ya 90 na 100 waliokufa kwa kuungua, nguo zao za pamba au kitani zikiwa zimeshika moto wa jikoni. Aliwasihi wazazi wawavalishe watoto sufu au hariri, ambazo haziwaki upesi. Nyumbani kwake hakuruhusu mapazia. Wageni waliona ni ubahili au ukali. Mtu aliyesoma ibada ya mazishi mara 90 juu ya majeneza madogo ya namna hiyo alikuwa na sababu nyingine.

Mchungaji wake msaidizi, William Weightman, kijana mchangamfu aliyependwa na kila mtu, aliambukizwa kipindupindu akiwatembelea wagonjwa, akafa Septemba 1842. Patrick alimtembelea kitandani mara mbili kwa siku. Katika hubiri la mazishi alisema kwamba wao wawili walikuwa siku zote kama baba na mwana.

Kisha macho yakaanza kufifia. Mtoto wa jicho alikua mpaka mwaka 1846 Patrick hakuweza tena kusoma wala kutembea bila kushikwa mkono. Aliongozwa mpaka mimbarani, akahubiri akiwa kipofu, kwa kuwa hakuhitaji karatasi. Mwezi Agosti Charlotte alimpeleka Manchester, na tarehe 25 daktari William James Wilson alimpasua jicho la kushoto. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaanza kutumika. Ilionyeshwa hadharani kule Boston miezi miwili baadaye. Mzee wa miaka 69 alikaa akiwa macho kwa robo saa huku jicho likikatwa, na daktari alistaajabu utulivu wake. Baadaye aliandika pembeni mwa kitabu chake cha tiba jinsi kazi ilivyofanyika, hatua kwa hatua, ili imfae mwingine. Alilazwa mwezi mzima katika chumba chenye giza. Katika chumba cha pili, bila kumwambia mtu, Charlotte alianza kuandika Jane Eyre. Kabla ya mwisho wa mwaka baba alikuwa anasoma tena na kuendesha ibada mwenyewe.

Miezi minane

Mwanawe wa pekee, Branwell, alikuwa na vipawa vingi. Alijaribu uchoraji, ualimu na kazi ya reli, na kila mahali alishindwa. Pombe na afyuni vikammaliza. Katika miaka ya mwisho Patrick alilala naye chumba kimoja, asije akaichoma nyumba au kujidhuru usiku. Hakumfukuza. Tarehe 24 Septemba 1848 Branwell alikufa akiwa na miaka 31, baba yake akiomba kando ya kitanda, na wa nyumbani walimsikia akiitikia amina mwishoni.

Emily alipata baridi siku za mazishi hayo, akafa kwa kifua kikuu tarehe 19 Desemba. Anne akafuata tarehe 28 Mei 1849, huko Scarborough kando ya bahari, alikopelekwa kwa matumaini ya hewa safi. Alizikwa hukohuko ili baba asilazimike kusimama kaburini mara ya tatu. Kati ya watoto sita alibaki Charlotte.

Soma Ayubu 1:13–22. Ayubu alipokea habari zake kwa siku moja. Je, ni rahisi zaidi au vigumu zaidi kwa mtu ambaye habari zake zinakuja moja moja, na kila Jumapili katikati anatakiwa kupanda mimbarani?

Ni mwaka huohuo wa 1849, kabla haujaisha, ambapo Patrick Brontë aliongoza kupeleka ombi kwa Bodi Kuu ya Afya mjini London. Sheria ya afya ya umma ya mwaka 1848 iliruhusu sehemu moja ya kumi ya walipa kodi wa mji kuomba mkaguzi wa serikali. Patrick alikusanya sahihi, na jina lake likatangulia.

Lazima kusema kweli hapa: kifua kikuu hakiletwi na maji machafu, na hakuna ajuaye kama maji safi yangewaokoa watoto wake. Aliyokuwa anayaona yeye kila wiki ni watoto wa wengine, waliokufa kwa kuhara na homa ya matumbo. Hata kisima cha nyumba yake kilikuwa kimetia shaka. Kilipofunguliwa na kusafishwa mwaka 1847, kwa mara ya kwanza katika miaka 20, maji yalikutwa ya manjano, na chini mlikuwa na mikebe minane ya bati iliyooza.

Mkaguzi alifika Aprili 1850. Aliitwa Benjamin Herschel Babbage, mwana wa yule Charles Babbage aliyebuni mashine za kukokotoa. Taarifa yake ilichapishwa mwaka huohuo na bado inatisha kusoma. Wastani wa umri wa kufa Haworth ulikuwa miaka 25.8. Katika kila watoto 100 waliozaliwa, zaidi ya 41 walikufa kabla ya kufika miaka sita. Hali hiyo ililingana na mitaa mibaya kabisa ya London, ingawa hiki kilikuwa kijiji cha mlimani chenye upepo mzuri. Mtaro wa chini ya ardhi wa kuondoa maji machafu haukuwapo. Uchafu ulipita wazi kando ya barabara. Kijiji kizima kilikuwa na vyoo 69 tu, vingine vikitumiwa na nyumba nyingi kwa pamoja, na marundo ya kinyesi na takataka yaliegemea kuta za watu. Pampu za maji zilikuwa kumi na moja, mbili zikiwa zimeharibika. Wakati wa kiangazi wanawake waliamka saa nane usiku kupanga foleni kisimani ili wapate maji ya kufulia Jumatatu, na mara nyingine maji hayo yalikuwa ya kijani, yakinuka kiasi kwamba ng'ombe walikataa kuyanywa. Katika miaka kumi watu zaidi ya 1,300 walikuwa wamezikwa katika uwanja uleule wa makaburi ulio juu ya kijiji, ukiwa umefunikwa mawe ya kulala ambayo hayakuruhusu hata nyasi kuota.

Babbage alipendekeza maji ya bomba, mitaro, vyoo, na kufungwa kwa makaburi. Mambo yakasimama hapo. Wenye nyumba za kupangisha waliogopa kodi, na wale waliokuwa na visima vyao wenyewe hawakuona kwa nini walipie maji ya jirani. Waliandika London wakiomba mipaka ya eneo ibadilishwe ili wao wasiguswe. Wengi wa watu hao walikuwa waumini wa Patrick, tena wale wenye viti vya mbele. Mzee aliendelea kuandika. Barua baada ya barua zilikwenda Bodi Kuu katika mwaka 1850 na 1851, akiuliza kwa nini hakuna kinachofanyika, akieleza kwamba wagonjwa wanazidi na maskini wanangoja. Bodi ya afya ya kijiji iliundwa hatimaye, lakini ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1850 ndipo bwawa la maji lilipojengwa kwa ajili ya Haworth. Kutoka ombi la kwanza mpaka maji kufika ilipita karibu miaka kumi.

Soma 2 Wafalme 2:19–22 pamoja na Kumbukumbu la Torati 23:12–14. Elisha aliombwa na watu wa mji wenyewe, na maji yakaponywa siku ileile. Kiongozi afanye nini pale ambapo wenye mji ndio wanaopinga, na kazi inachukua miaka kumi?

Hasira ya mzee

Si kila jambo katika maisha haya ni la kuigwa. Desemba 1852 mchungaji msaidizi wake, Arthur Bell Nicholls, aliyekuwa amemtumikia kwa uaminifu tangu 1845, alimwomba Charlotte wafunge ndoa. Patrick aliposikia alishikwa na hasira kali mpaka mishipa ya uso ikamtoka na binti akahofia afya yake. Alimwona Nicholls maskini, tena mwenye hila kwa kumficha nia yake. Hapa hakuna njia ya kumtetea. Yeye mwenyewe alikuwa amefika Cambridge kwa pauni za watu wengine, na alikuwa mtoto wa kibarua kutoka Ireland, nchi ileile aliyotoka Nicholls. Kwa miezi mingi wachungaji wawili wa kanisa moja hawakuzungumza, na Mei 1853 Nicholls aliondoka.

Charlotte hakuacha kumwandikia, na taratibu mzee alilegea. Nicholls alirudi, na ndoa ilifungwa tarehe 29 Juni 1854. Hata hivyo usiku wa kuamkia harusi Patrick alisema haendi kanisani, na ilibidi mwalimu wa zamani wa Charlotte, Margaret Wooler, amtoe bibi arusi. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Machi 1855, Charlotte alikufa akiwa mjamzito. Alikuwa na miaka 38.

Soma Matendo 15:36–40. Paulo na Barnaba waliachana kila mmoja kwa njia yake. Wawili wa Haworth hawakuachana. Nicholls alikuwa amemwahidi mkewe kwamba atamtunza baba yake, akabaki katika nyumba ile miaka sita zaidi, akihubiri badala yake na kumwongoza alipodhoofika. Wanaume wawili waliokuwa wamegombania mtu mmoja walikaa kwenye meza moja bila huyo mtu.

Patrick alimwomba mwandishi Elizabeth Gaskell aandike maisha ya Charlotte. Kitabu kilitoka mwaka 1857, nacho kilikuwa na hadithi mbaya juu ya mzee mwenyewe, kwamba aliwachomea watoto viatu, kwamba alikata gauni la mkewe, kwamba hakuwapa nyama. Hadithi hizo zilitoka kwa mtumishi aliyekuwa ameondolewa kazini. Alikanusha kwa upole, akaomba zirekebishwe, na bado akakisifu kitabu kwa sababu kilimtendea haki binti yake.

Alihubiri mara ya mwisho mwaka 1859. Alifariki tarehe 7 Juni 1861, akiwa na miaka 84. Siku ya mazishi, tarehe 12, maduka ya Haworth yalifungwa, na watu walijaa kanisani mpaka nje. Kwa kuwa maziko yalikuwa yamekwisha kupigwa marufuku mahali hapo kwa ajili ya afya ya umma, ilibidi kupata ruhusa maalum ya serikali ili jeneza lake lishushwe katika kaburi la familia ndani ya kanisa. Mle walikuwamo mkewe, shemeji yake, na watoto watano. Anne peke yake alibaki Scarborough.